Mnyororo muhimu: tuache kuficha siku za akiba ndani ya kila kazi

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Nimesimamia miradi kwa miaka kumi na kitu, mingi ya ujenzi na kufunga mitambo. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ratiba ikichelewa, dawa ni kumwongezea kila mtu siku. Niliacha kuamini hivyo siku fundi umeme mmoja, mtu ninayemheshimu sana kwa kazi yake, aliponiambia ukweli. Alikuwa ameomba siku 14 za kufunga kabati kuu la umeme. Siku ya 9 nikapita pale, nikakuta mlango wa kabati umeshafungwa, nyaya zote zina lebo, hadi sakafu imefagiwa. Nikamuuliza mbona hajakabidhi, na wenzake wa kazi inayofuata wamekaa tu wanasubiri. Akanijibu kwa upole: "Bosi, nikikabidhi leo, mradi ujao utanipa siku 9. Na huo mradi ujao huenda vifaa visifike kwa wakati."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi mwenyewe ningefanya vivyo hivyo.

Nimeanzisha uzi huu tujadili njia ya kupanga miradi iliyoletwa na Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, kwenye kitabu chake cha mwaka 1997, Critical Chain. Mimi naiita mnyororo muhimu. Wengi wetu tumefundishwa njia muhimu (critical path, yaani kutafuta mlolongo mrefu zaidi wa kazi zinazofuatana), ile iliyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kazi ya DuPont na Remington Rand, sambamba na ile ya PERT ya jeshi la majini la Marekani kwenye makombora ya Polaris. Hizo ni njia nzuri na sizibezi. Ila zinaangalia zaidi kazi ipi lazima itangulie ipi. Mnyororo muhimu unauliza pia: kazi hizi mbili anazifanya nani? Na zile siku za tahadhari zimekaa wapi?

Nianze na siku za tahadhari, maana hapo ndipo panapouma.

Ukimuuliza mtu kazi yake itachukua siku ngapi, hakupi idadi ambayo uwezekano wa kuiwahi ni nusu kwa nusu. Anakupa idadi ambayo ana hakika hataaibika. Kazi ambayo mara nyingi huisha kwa siku 5 au 6 anaitaja siku 10. Kiongozi wake wa timu naye anaongeza kidogo. Meneja anajua juu watakata, kwa hiyo anaongeza tena. Kwa mpangilio huo mradi ungepaswa kuisha mapema kila mara. Mbona hauishi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya siku iliyofichwa ndani ya kazi moja inaoza, tena haraka. Mtu akijua ana siku 10 kwa kazi ya siku 5, anaanza siku ya 5, kama mwanafunzi anayefungua daftari usiku wa kuamkia mtihani. Akipata dharura siku ya 7, akiba ilishaliwa na uvivu wa mwanzo na haipo tena ya kumwokoa. Asipochelewa kuanza, kazi itatanuka ijaze siku zote alizopewa, jambo ambalo Parkinson aliliandika mwaka 1955. Na akimaliza mapema anakaa kimya kama fundi wangu. Matokeo yake, kuchelewa kunapita kwenda kwa anayefuata, ila kuwahi hakupiti. Siku tatu zilizookolewa hapa haziwezi kumfikia mwenzake anayezama kule.

Ongeza makutano. Kazi moja ikisubiri matawi matatu, na kila tawi lina uwezekano wa asilimia 80 kuwahi, uwezekano wa yote matatu kuwahi ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani asilimia 51 tu. Kila tawi linaonekana liko salama, kumbe kwenye makutano unarusha shilingi juu.

Halafu kurukaruka kati ya kazi. Mtu mmoja ana kazi tatu, kila moja siku 10. Akizimaliza moja baada ya nyingine, ya kwanza inatoka siku ya 10, ya pili siku ya 20, ya tatu siku ya 30. Akigawa siku tano huku, tano kule, ili kila bosi aone kazi yake "inaendelea", ya kwanza inatoka siku ya 20, ya pili ya 25, ya tatu ya 30 ileile. Wawili wamechelewa na wa tatu hajapata kitu. Hapo sijahesabu muda wa kukumbuka ulipoachia. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu ameshika matatu.

Sasa mfano, maana bila namba tutabaki kwenye maneno matupu.

Mradi mdogo wa karakana. Kuandaa chumba cha mtambo siku 12, kisha umeme wa mtambo siku 14, kisha mabomba ya kupoozea siku 8. Pembeni kuna kuweka trei za nyaya darini siku 8, kisha umeme wa jengo zima siku 16. Pande zote mbili zikikamilika, majaribio siku 6.

Kwa njia muhimu, upande mrefu ni chumba, umeme wa mtambo, mabomba, majaribio: siku 40. Ratiba inapendeza ukutani. Ila fundi umeme ni mmoja! Hawezi kuwa kwenye mtambo na kwenye jengo zima kwa wakati uleule. Ukimwanzisha kwenye jengo, mradi unafika siku ya 52. Ukimwanzisha kwenye mtambo, ni siku ya 48. Kwa hiyo mradi wa kweli ni wa siku 48, na zile 40 hazikuwahi kuwepo. Na mlolongo unaoamua urefu wake ni huu: chumba (12), umeme wa mtambo (14), umeme wa jengo (16), majaribio (6). Umeme wa jengo hauhitaji umeme wa mtambo kwa namna yoyote ya kiufundi. Kinachoziunganisha ni mikono ya mtu mmoja. Huo ndio mnyororo muhimu.

Hatua inayofuata ni kutoa akiba mafichoni. Kata kila kazi nusu: 6, 7, 8, 3. Jumla siku 24. Kisha chukua nusu ya hizo, siku 12, uziweke zote mwishoni mwa mradi kama akiba ya mradi mzima. Unamwahidi mteja siku ya 36. Hakuna aliyenyang'anywa akiba. Imetolewa mifukoni mwa watu ikawekwa kwenye chungu kimoja, na atakayepatwa na shida ndiye atakayechota.

Matawi nayo yanapata akiba ndogo pale yanapoingia kwenye mnyororo. Trei sasa ni siku 4 na zinahitajika siku ya 13, fundi anapohamia kwenye jengo. Zinaanza mwisho wa siku ya 7, zinaisha ya 11, na siku 2 za akiba zinafuata. Mabomba vilevile: siku ya 15 hadi 19, akiba hadi 21, majaribio yanaanza. Angalieni kwamba tawi halianzi mapema kupita kiasi. Ukianza kila kitu siku ya kwanza unawatawanya watu na hela, na unarudi kwenye kurukaruka.

Kwenye kuendesha mradi, mabadiliko ni haya. Kazi za kati hazina tarehe ya mwisho. Ni mbio za kupokezana vijiti: kijiti kikifika mkononi unakimbia, ukimaliza unakabidhi saa hiyohiyo. Fundi umeme anaambiwa siku tatu kabla kwamba kijiti kinakuja. Na simuulizi mtu tena "umefikia asilimia ngapi", maana kila kazi niliyowahi kuiona hufika asilimia 90 ikakaa hapo wiki mbili. Namuuliza: umebakiza siku ngapi?

Karibuni.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, uzi mzito, asante. Swali moja. Umesema kata kila kazi nusu. Zege nalo nalikata nusu? Nguvu ya zege tunaipima siku ya 28, na halijui kama kuna kitabu cha 1997.

#3 – Mleta uzi

Swali zuri sana, na nilikosea kuandika kana kwamba kila kitu kinakatwa. Kinachokatwa ni tahadhari aliyoiweka binadamu. Zege kukomaa, rangi kukauka, meli kuwa baharini, hizo zina muda wake wa asili, usiziguse. Kuandaa fomu na kusuka nondo kabla ya kumwaga, hapo ndipo penye tahadhari. Nusu ni pa kuanzia tu, kwa sababu watu wengi hawana kumbukumbu za kazi zilizopita. Ukiwa nazo, muulize mtu namba mbili: siku ambazo una hakika nazo, na siku ambazo kazi itachukua usipokatizwa na kila kitu kikiwa mezani. Ya pili ndiyo inaingia kwenye ratiba.

#4 – Mchangiaji

Mimi ni mkandarasi. Hii habari ni tamu kwenye karatasi. Nikimpelekea mteja ratiba yenye kipande kimeandikwa "akiba siku 12", kitu cha kwanza atakachosema ni: "Hizi toa." Nitabaki na kazi zilizokatwa nusu na akiba hakuna. Afadhali niendelee kuzificha.

#5 – Mchangiaji

Kaka hapo juu kasema kweli. Kwetu aliyezitoa alikuwa mkurugenzi wetu wenyewe, wala si mteja.

Nilikuwa kwenye timu ya programu, tulijaribu njia hii kwa moyo wote. Tukakaa siku mbili tukatoa makadirio ya kweli, bila kuogopana. Mimi nilisema siku 4 kwa kazi ambayo zamani ningesema 9. Ilinichukua 6. Kwa mujibu wa njia hii hilo ni jambo la kawaida kabisa, si ndiyo? Kazi ikipangwa kwa nusu kwa nusu, nusu ya kazi zitavuka makadirio. Kwenye kikao cha Ijumaa nikasimamishwa mbele ya wote nikaulizwa kwa nini "nimechelewa" siku mbili. Mwenzangu aliyekuwa amekaa kiti cha pili alikuwa bado hajatoa makadirio ya awamu ya pili. Niliona karatasi yake. Alikuwa ameandika 5, akaifuta, akaandika 12.

Njia yetu ilikufa pale, kwenye ile karatasi.

#6 – Mleta uzi

Dada, umenieleza kwa mistari michache nilichokuwa nakitafuta aya nzima. Hesabu za mnyororo muhimu mtu anajifunza kwa wiki moja. Kiapo chake ndicho kigumu: usimhukumu mtu kwa kuvuka makadirio uliyomwomba ayafanye mafupi. Ukimwaibisha mmoja mara moja, kesho yake timu nzima imerudisha akiba mifukoni, na safari hii hawatakuambia tena. Kiongozi asiyeweza kushika kiapo hicho asianze kabisa, abaki na ratiba ya zamani. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu watu wanaoumia ni wale waliosema ukweli kwanza.

Kinachohukumiwa ni tabia ya mkimbiaji. Je, kijiti kilipofika alianza? Alikuwa na kazi nyingine mkononi? Alipokwama alisema siku ileile? Alipomaliza alikabidhi? Siku zenyewe ziachie akiba.

Mkuu mkandarasi, kuhusu mteja: usimwonyeshe akiba kama siku za bure. Mimi huwa nawapa tarehe mbili. Nasema, kazi yenyewe ikienda bila tatizo ni siku 24, na hakuna mradi uliowahi kwenda bila tatizo. Naahidi siku ya 36. Ukiitoa akiba, ninaahidi siku 24 nikijua nitakudanganya. Wengi wanaelewa. Asiyeelewa, mwekee tarehe ya 36 tu kwenye mkataba na ratiba ya ndani ibaki ya ndani. Ila ndani ya timu yako usiifiche hata siku moja.

#7 – Mchangiaji

Naomba kueleweshwa hiyo akiba inasimamiwaje katikati ya mradi. Nitajuaje kama siku 5 zilizoliwa ni jambo la kawaida au ni hatari?

#8 – Mleta uzi

Linganisha vitu viwili: sehemu ya mnyororo iliyokwisha, na sehemu ya akiba iliyoliwa. Watu huchora chati, kushoto akiba iliyoliwa, chini mnyororo uliokwisha, na rangi tatu zinazopanda kwa mshazari: kijani, njano, nyekundu. Huitwa chati ya homa, kwa kuwa inasomwa kama joto la mgonjwa.

Mfano wetu wa karakana. Siku ya 11, kazi za mnyororo zilizokwisha ni siku 8 kati ya 24, theluthi moja. Akiba iliyoliwa ni 3 kati ya 12, robo. Kijani, mwache mtu afanye kazi yake, usimpigie simu mara nne kwa siku. Siku ya 21, mnyororo umefika 12, nusu. Akiba imeliwa 9, robo tatu. Nyekundu. Siku 3 zimebaki kulinda kazi ya siku 12.

Njano ni ya kupanga tutafanya nini hali ikizidi, bila kukifanya bado. Nyekundu ni ya kukitekeleza: kumletea fundi msaidizi, kumwondolea kazi nyingine zote, kuongeza zamu. Kosa kubwa ninaloliona ni kusubiri nyekundu ndipo watu waanze kufikiri. Na mradi ukiwa kijani muda wote mpaka mwisho, nao unastahili kuangaliwa, huenda akiba ilikuwa kubwa mno.

#9 – Mchangiaji

Ninafanya kazi na takwimu, niongeze kidogo kuhusu ukubwa wa akiba. Nusu ya mnyororo ni kanuni rahisi, lakini ipo nyingine: chukua tofauti kati ya makadirio salama na makadirio mafupi ya kila kazi, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa mfano wa mleta uzi tofauti ni 6, 7, 8 na 3. Inakuwa 36 + 49 + 64 + 9 = 158, kipeuo chake ni karibu 12.6. Hapo hazipishani sana na zile 12.

Ila kwenye mnyororo mrefu zinaachana mno. Kazi 25, kila moja salama siku 8 na fupi siku 4. Kwa kanuni ya nusu akiba ni siku 50. Kwa kipeuo ni siku 20 tu. Sababu ni kwamba kwenye kazi nyingi, zinazowahi zinafidia zinazochelewa.

Tahadhari yangu: hesabu hiyo inadai kazi zisitegemeane bahati. Kama mvua ileile itachelewesha kazi zote 25, au zote zinamsubiri mkaguzi yuleyule, hakuna kufidiana hapo, na siku 20 zitakuangusha.

#10 – Mleta uzi

Nashukuru sana kwa hili. Naongeza tu kwamba kwa miradi ya nje, chini ya jua na mvua, mimi nabaki na nusu.

#11 – Mchangiaji

Mbona hii inafanana na kusawazisha rasilimali (kuhamisha kazi ili mtu mmoja asipangiwe mbili kwa wakati mmoja), ambako kulikuwepo tangu miaka ya 1960? Programu za ratiba zinafanya hivyo siku zote. Jina jipya, mvinyo wa zamani.

#12 – Mleta uzi

Kuhesabu uhaba wa watu kweli kulikuwepo kabla ya Goldratt, na wasomi wamemkosoa kwa hilo. Nakubali. Ila kusawazisha kunahamisha kazi tu, siku za tahadhari zinabaki zilezile ndani ya kila kazi, zikioza vilevile. Kuzikusanya mahali pamoja, kufuta tarehe za kati, na kuusoma mradi kwa akiba iliyobaki, hayo ndiyo ninayoyathamini. Fundi wangu asingekabidhi siku ya 9 kwa sababu programu imesawazisha.

#13 – Mchangiaji

Sisi tuna miradi saba kwa wakati mmoja na wabunifu wawili. Kila mradi nikiupangia mnyororo wake, wabunifu walewale wanatokea kwenye yote. Naanzia wapi?

#14 – Mleta uzi

Anzia kwa hao wabunifu, usianzie kwenye miradi. Hao ndio ngoma yako, wengine wote wanacheza kwa mdundo wao. Panga miradi saba kwa foleni mbele yao, ipi ya kwanza, ipi ya pili, na uongozi mzima uweke sahihi kwenye foleni hiyo. Mradi mpya hauanzi mpaka ngoma iwe na nafasi, hata kama timu nyingine zimekaa. Kati ya mradi na mradi waachie wabunifu nafasi kidogo ili shida ya mmoja isimwagikie mwingine.

Jambo gumu utakaloombwa kulifanya ni kusimamisha. Katika miradi saba, huenda minne inatakiwa ilale kwa sasa. Wenye miradi hiyo watakuja ofisini kwako na maneno makali. Wape tarehe ya kuanza ambayo ni ya kweli. Rudi kwenye ule mfano wa kazi tatu za siku kumi: aliyesubiri hadi mwisho alipata kazi yake siku ya 30 kwa vyovyote vile.

#15 – Mchangiaji (wa #5)

Mkuu, nimehama ile ofisi. Sasa nina timu yangu, watu watano. Nimesoma uzi wote mara mbili. Nataka kujaribu tena lakini sitaki kuwatangazia njia mpya, watanuna. Ungekuwa wewe ungeanza na nini Jumatatu?

#16 – Mleta uzi

Mambo mawili, dada, na usitaje jina la njia yoyote. Kwanza, kila mtu abaki na kazi moja mezani mpaka iishe au ikwame. Ikikwama akuite, na wewe uende kuikwamua siku hiyohiyo. Pili, kila asubuhi uliza "umebakiza siku ngapi", uandike namba, usitie neno. Jana alisema 3, leo anasema 4, andika 4. Usikunje hata uso. Fanya hivyo wiki tano au sita kabla hujagusa makadirio ya mtu.

#17 – Mchangiaji (wa #5)

Na atakayemaliza mapema?

#18 – Mleta uzi

Mshukuru mbele ya wenzake, kijiti kipokelewe papo hapo, na mradi ujao akikupa makadirio, mpe siku alizoomba bila kumkumbusha hizi. Atakuwa anakuangalia. Yule fundi wangu aliniangalia miradi miwili mizima kabla hajanipigia simu siku ya 6 ya kazi ya siku 8, kuniambia: "Bosi, njoo uchukue chumba chako."